Floribert, Kinywa cha Docteur

Mtu aliyefika Kadutu, mtaa wa Bukavu, mwaka ule wa hamsini na tisa na kuuliza nyumba ya Floribert Bulonza aliulizwa kwanza: "Floribert mwenye kusema, ao Floribert mwenye kushona?" Mwenye kushona alikuwa fundi cherehani, mtu mtulivu, na habari hizi hazimhusu. Mwenye kusema ndiye wetu.

Alizaliwa Kabare, akasoma kwa mapadri mpaka wao wenyewe walipoona kwamba anapenda sauti yake kuliko anavyompenda Mungu, wakamrudisha nyumbani kwa upole. Alitoka huko na Kifaransa kilichopigwa pasi kama suruali ya Jumapili, Kilatini kidogo cha kutishia watu, na tai mbili. Mtu wa namna hiyo Bukavu hakosi kazi. Alianza dukani kwa Mgiriki mmoja, akafukuzwa kwa kuwa alimsifia mteja uzuri wa kitambaa mpaka mteja akachoka, akaenda zake bila kununua. Kisha akaingia mahakamani kuwa mkalimani, na huko ndiko alikopata jina. Aliposimulia maneno ya mshitakiwa, hata mshitakiwa mwenyewe alijihurumia upya.

Huko mahakamani walimfundisha sheria moja ya kazi ambayo hakuiacha tena maisha yake yote. Mkalimani hasemi "huyu anasema hivi na hivi." Husema "mimi." Mwizi akisema niliiba mbuzi, mkalimani husema niliiba mbuzi. Mwanamke akisema mume wangu ananipiga, basi Floribert, na masharubu yake yote, husimama akasema mume wangu ananipiga, tena kwa uchungu. Jaji alimsifu, ila akalalamika kwamba kesi zinakuwa ndefu kupita kiasi. Ndipo Docteur, mzungu mmoja wa utafiti, akamchukua awe mkalimani wake.

Docteur huyo hakuwa wa kutibu watu. Mama mmoja aliwahi kumpelekea mtoto mwenye kikohozi, akarudishwa na maelezo marefu kuhusu udongo. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi miti, maji, ardhi na viumbe vinavyoishi pamoja na kulana. Watu walimwita Kipimo, kwa sababu alipima kila kitu: mvua, jua, unene wa miti, hata maji ya visima, akiyakinga kwa ndoo huku ameshika saa mkononi kana kwamba maji yamechelewa kazini. Alikuwa kijana mwema, mrefu, mwekundu shingoni. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: aliamini kwamba jambo la kweli likishasemwa, limesikika.

Na jambo la kweli alikuwa nalo. Mji ulikuwa unakula kuni kama moto wenyewe, na Serikali ilikuwa imeamua kupanda mikaratusi kwenye kilima kimoja cha Nyantende. Chini ya kilima hicho hutoka chemchemi inayoitwa Kamishi, na wanawake wa pale wote huchota Kamishi, kwa kunywa, kwa kupika na kwa kukamua pombe ya ndizi. Docteur alikuwa ameona mahali pengine mikaratusi ikipandwa juu ya chemchemi ndogo kama hiyo, na ameona chemchemi ikipungua mwaka hadi mwaka mpaka ikabaki matope. Akaenda kwa Bwana Administrateur, mkuu wa wilaya wa Kibelgiji, akamwambia. Bwana Administrateur akajibu kwamba miti huleta mvua, kila mtoto wa shule anajua hivyo, na kwamba miche imekwisha kuoteshwa.

Mwingine angevunjika moyo. Docteur alinunua shuka la kitanda.

Akalichora kwa rangi. Mstari mwekundu, unaopanda, ulikuwa miti. Mstari wa buluu, unaoshuka, ulikuwa maji. Kando yake aliandika tarakimu nyingi ndogo ndogo kama siafu. Akasema atazunguka vilimani kuwafundisha watu, na watu wakishaelewa watasema, na wakisema wakubwa watasikia. Ni mpango mzuri sana. Sijui kwa nini watu wenye mipango mizuri hivyo hawaulizi kwanza wakubwa husikia kwa sikio gani.

Mafundisho ya kwanza yalikuwa kijiji cha karibu na mji. Docteur alisema kwa muda mrefu, akitaja majina ya mikaratusi kwa Kilatini, akielekeza fimbo kwenye siafu zake. Watu walimtazama kwa heshima, kama watu wanaongoja misa iishe. Kisha akanyamaza, zamu ikawa ya Floribert.

"Benyewe munasikia?" akaanza. "Huyu muti munaona, mukaratusi, ni mulevi. Iko nakunywa asubui, iko nakunywa muchana, na usiku wakati mulevi mwingine analala, yeye iko nakunywa tu. Na hakuna kulipa! Munamukaribisha karibu na kisima, ni sawa kulaza mulevi karibu na mutungi. Asubui mutakuta nini?"

"Mutungi mutupu!" wakaitikia, na wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Docteur alifurahi. Njiani alimwambia Floribert kwamba ameona jinsi mstari wa buluu unavyowagusa watu. Floribert akasema, "Ndiyo, Docteur," kwa sababu ulimi hauna mfupa, na mshahara ulikuwa mzuri.

Sasa mkewe Floribert, Clémence, ni mzaliwa wa Nyantende, na mama yake, Emérence, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa Kamishi. Haya ndiyo yaliyomkosesha Floribert usingizi. Maana mkwe na mama mkwe, kwa watu wa kwetu, ni watu wa kuheshimiana kwa kukimbiana. Hawatazamani machoni, hawali sahani moja, hawazungumzi uso kwa uso. Mkwe akimwona mama mkwe njiani, huchepuka akaingia migombani mpaka apite, hata kama ana haraka, hata kama migomba ina umande. Na yule yule Floribert aliyekula kwa uma na kisu, na kuwaambia rafiki zake wa kilabu cha évolués, Waafrika waliosoma na kuishi Kizungu, kwamba desturi ni mambo ya wazee, alikuwa bingwa wa kuruka migombani. Suruali zake mbili ziliharibika kwa utomvu wa ndizi.

Kwa hiyo siku moja Emérence aliposhuka Kadutu kuja kusema na mkwe wake, aliketi nyuma ya nyumba, mgongo kwenye mlango. Floribert aliketi ndani, mgongo kwenye mlango huo huo. Clémence akasimama katikati, na mtoto mgongoni.

"Umwambie mukwe wangu," akasema Emérence kwa Kishi, lugha ya kwao, "Kamishi ikikauka tutashuka mtoni. Kushuka ninaweza. Kupanda na mutungi ndiyo sitaweza. Magoti yangu yamekwisha."

Floribert alikuwa amekwisha kusikia kila neno, mlango ulikuwa wazi. Akangoja.

"Anasema magoti yake yamekwisha," akasema Clémence.

"Umwambie mama yako kwamba Docteur yuko upande wake."

"Anasema Docteur yuko upande wako."

"Docteur mwenye kupima maji kwa ndoo yangu na kuirudisha bila kuisuuza? Umwambie mukwe wangu mimi simuulizi Docteur. Ninamuuliza yeye. Ni yeye nilimupa mutoto."

Floribert akasema kwamba atafanya kila njia ili maneno ya wanawake wa Kamishi yafike kwa Bwana Administrateur mwenyewe. Clémence alipeleka ahadi hiyo hatua mbili. Mama yake akaguna, akachukua kikapu chake, akaondoka kwa upande ambao hataonekana.

Na kweli Floribert alifanya kila njia. Alimsihi Docteur, Docteur akamsihi Bwana Administrateur, na Bwana Administrateur, ambaye tangu fujo za Léopoldville za mwezi wa kwanza alikuwa ameagizwa kujionyesha karibu na watu, akakubali kuhudhuria mafundisho pale pale Nyantende. Ilikuwa kiangazi, kabla ya kupanda. Docteur alikosa usingizi kwa furaha. Wananchi na wakubwa, mahali pamoja, mbele ya shuka moja! Akaongeza mistari miwili.

Siku ikafika. Shuka likafungwa kwenye miti miwili, kilima nyuma yake, chemchemi chini yake. Bwana Administrateur aliketi kwenye kiti chenye mikono, kofia ya jua gotini. Chef wa kilima aliketi pembeni, akalala papo hapo kwa adabu. Nyuma ya kiti alisimama Pascal, moniteur wa kilimo, yaani bwana shamba, mwenye kaptula ya kaki na soksi ndefu. Pascal hakuwa mtu mbaya. Ila miche yote ya mikaratusi alikuwa ameiotesha yeye, akaimwagilia kwa mkono wake, na mtu hapendi kuambiwa kwamba watoto wake ni walevi.

Docteur akasema. Floribert akatafsiri, watu wakacheka mahali pa kucheka. Bwana Administrateur akapiga miayo miwili, wa pili akauficha kwa kofia. Kisha Docteur akauliza kama kuna swali.

Emérence akasimama.

Hakubaki kule walikoketi wanawake. Alikuja mbele, akapita katikati ya wazee, mpaka karibu na kiti, ili amuonyeshe mzungu kwa kidole mahali Kamishi inapotokea. Na Floribert, aliyekuwa amesimama pale pale, alifanya jambo ambalo miguu yake ililijua kuliko kichwa chake. Aligeuka na kuingia nyuma ya shuka. Vilibaki kuonekana viatu vyake tu, vyeusi, vimepigwa rangi vizuri.

Watu wakanong'ona kwa kuridhika. Wazee wakatikisa kichwa: kumbe mtoto wa mjini bado ana adabu.

Emérence akasema kwa Kishi, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya bonde. Alisema maneno ya mama, bila kificho, jinsi mama anavyosema na mwenye kuamua. Alipomaliza, Bwana Administrateur, aliyejua Kiswahili lakini si Kishi, alitazama huku na huku. "Mkalimani amekwenda wapi?"

Docteur hakujua. Kishi hakukijua, na desturi hakuwa amezipima bado. Ndipo Pascal akainama kwenye sikio la Bwana Administrateur, akasema kwa Kifaransa, polepole, kwamba mama huyu anaishukuru Serikali kwa niaba ya wanawake wote, na anauliza miti itafika lini.

Uso wa Bwana Administrateur ukalainika. "Kumbe hata wanawake!" akasema. Akasimama ili amjibu mama kwa heshima.

Nyuma ya shuka Floribert alisikia yote, Kishi na Kifaransa. Kutoka hawezi, kunyamaza hawezi. Akaona njia: akasema kutoka pale pale alipojificha, kwa Kifaransa chake cha seminari, "Samahani, Bwana. Huyo mama hakusema hivyo."

Bwana Administrateur aliruka kidogo. Mtu wa Serikali hapendi kusahihishwa, na kusahihishwa na shuka ni zaidi. "Nani anasema? Toka! Toka hapa mbele, na useme Kiswahili, watu wote wasikie!"

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Floribert alijikwaa vyote viwili. Alitoka, mguu ukanasa kwenye kamba, akajikuta amesimama ana kwa ana na mama mkwe wake, hatua moja, jicho kwa jicho, kwa mara ya kwanza tangu aoe. Aliona kwamba ana macho ya Clémence. Aliona haya mpaka masikio yakawasha. Kisha akafungua kinywa, na kinywa chake, maskini, kilijua kusema kwa namna moja tu.

"Mimi," akasema Floribert kwa sauti ya mahakama, "nimezaa watoto saba kwa maji ya Kamishi. Uchungu ulinishika nikiwa nimeinama kisimani. Nilijifungua Clémence pale chini, kwenye jani la mugomba, na maji ile iliosha yeye na iliosha mimi, sehemu zote. Matiti yangu yalipata maziwa juu ya maji ile. Sasa unataka kunipandia miti juu ya kichwa? Wewe uko na mama? Nenda umwambie yeye abebe mutungi!"

Hakuacha hata neno moja. Alikuwa mkalimani mzuri, Mungu amrehemu.

Nyantende ikalipuka. Wanawake walijifunika nyuso kwa vitambaa wakapiga mayowe. Emérence aliketi chini vumbini, kitenge kichwani. Mzee mmoja alitupa kiko chake. Mwingine akasimama na fimbo akipiga kelele kwa Kishi kwamba dunia imekwisha, mkwe amezaa mke wake mwenyewe mbele ya mama yake! Chef aliamka, akauliza nani amekufa. Vijana wakaanza kusukumana kwenda mbele wamshike Floribert, na katika kusukumana huko kiti chenye mikono kikaanguka, na shuka likachanika pale mstari mwekundu unapoanza kupanda.

Bwana Administrateur alirudi nyuma mpaka kwenye gari lake. Aliona fimbo, alisikia mayowe, akakumbuka redio ya mwezi wa kwanza.

"Wanasema nini?" akamuuliza Pascal.

Pascal alikuwa amejifunika uso kwa mkono. Naye ni mtoto wa pale, ana mama mkwe wake. "Wamekasirika sana, Bwana."

"Kwa ajili ya chemchemi?"

Fikiri ungekuwa Pascal. Gari linanguruma, watu wanakuja na fimbo, na mzungu anataka jibu moja. Utaanza wapi kumweleza habari za migomba na umande, na sheria ya "mimi"? Pascal akasema, "Ndiyo, Bwana. Kwa ajili ya chemchemi."

Bwana Administrateur akapanda juu ya ngazi ya gari, akainua mkono, akatangaza kwamba Serikali imesikia sauti ya wananchi, na kwamba Nyantende hautapandwa mkaratusi hata mmoja. Hakuna aliyemsikiliza. Wote walikuwa wanamtafuta Floribert.

Docteur alilia. Nasema kweli, machozi yalimtoka, akakunja shuka lake lililochanika kwa mikono miwili kama kitambaa cha altare. Wiki zilizofuata aliwaeleza wenzake, mezani, kwamba amegundua namna ya kufikisha sayansi kwa watu na kwa viongozi wao: shuka liwe kubwa, rangi ziwe mbili, na mstari wa buluu ushuke kwa ukali zaidi. Wenzake walimsikiliza kwa makini. Mmoja alinunua shuka.

Floribert yeye alilala Kadutu peke yake. Clémence alikuwa amerudi kwao, maana binti hawezi kulala na mtu aliyemzaa, hata kama alimzaa kwa maneno tu. Wazee wa Nyantende walikaa shauri lake siku nyingi. Mikaratusi hawakuitaja hata mara moja. Waliamua mbuzi jike, mitungi ya pombe ya ndizi, na kitambaa kipya kwa mama. Floribert alitoa vyote bila kufungua kinywa, na waliomjua walisema hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yenyewe.

Mambo yalipotulia Clémence alirudi na mtoto wake mgongoni, na ujumbe. Alisimama mlangoni akautoa kwa uso mkavu.

"Mama anasema umwambie mukwe wangu, maji iko inatoka. Anasema tena, maneno yangu aliyasema muzuri, hakusahau hata moja." Clémence alishindwa, akacheka mpaka akashika mlango. "Anasema asirudilie tena."

Floribert alicheka naye, kisha akaingia ndani akalia kidogo, kwa furaha na kwa haya, na sijui ipi ilizidi.

Ila miche ya Pascal ilikuwa bado imesimama kwenye vikapu, na Serikali haitupi miche. Bwana Administrateur akachagua kilima kingine, kwenye njia ya Nyangezi, ambako, alisema, watu ni wapole. Kilima hicho nacho kina chemchemi yake chini. Docteur hakuogopa. "Tumekwisha kujua njia," alimwambia Floribert, wakaenda na shuka jipya, pana kiasi kwamba lilihitaji miti mitatu.

Siku ile Floribert alitafsiri kuliko siku zote. Mulevi alikunywa, mutungi ukabaki mutupu, watu wakacheka. Mama mmoja mzee alisimama akasema habari za magoti yake na za mtoni. Floribert alimtazama usoni bila shida, akasema "mimi, magoti yangu," kwa Kiswahili safi, watu wote wakasikia. Hakuna aliyepiga yowe. Wazee waliitikia kwa kichwa. Bwana Administrateur alimsikiliza yule mama mpaka mwisho, akamshukuru kwa maswali yake mazuri, akaangalia saa.

Wakati wa kurudi, garini, Docteur alikuwa amenyong'onyea. "Tumekosea nini, Floribert? Shuka lilikuwa kubwa zaidi."

"Kule sina mama mukwe, Docteur," akasema Floribert.

Docteur alidhani ni mzaha. Miti ilipandwa mvua za kwanza zilipoanguka, na ikashika vizuri sana, maana Pascal alijua kazi yake. Uhuru ulipokuja Bwana Administrateur alirudi kwao, na Docteur naye akarudi kwao, na shuka. Miaka iliyofuata, mtu akipita njia ya Nyangezi asubuhi, huona wanawake wa kilima kile wanapanda kutoka mtoni na mitungi kichwani, wakisimama kila mara kupumzisha magoti.